Daktari Mwenye Jicho Moja na Swali Nililosahau Kuuliza

Msafiri anayetoka Bungoma kwenda Kitale hupanda bila kujua kwamba anapanda. Gari hupita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Miwa hupungua pole pole na mashamba ya mahindi huzidi kutanda. Mlima Elgon humwandama mkono wa kushoto, na kabla ya kufika abiria huanza kufunga dirisha na kutafuta sweta. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu mita 1,900. Kwa wanafunzi wengi hizo ni tarakimu za kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahauliwa baada yake. Kwangu mimi, katika tofauti ya mita hizo 500 mna kosa nililolitenda ujanani, na mna maisha ya mtu mmoja aliyenifunza kulitambua kosa lenyewe ingawa sikuwahi kukutana naye. Naomba wasomaji wa ukurasa huu, hasa walimu pamoja na wanafunzi wao, wanipe fursa niyasimulie yote mawili.

Mwaka 1993 nilikuwa katika mafunzo ya utabibu. Kama ilivyo desturi, sisi wanafunzi tulitolewa darasani tukagawanywa katika hospitali na vituo vya afya vya Bungoma na Trans-Nzoia ili tuyaone kwa macho yale tuliyokuwa tumeyasoma vitabuni. Asubuhi moja, katika kituo kimoja cha upande wa tambarare ambacho sina haja ya kukitaja, mama mmoja alimleta mwanawe wa kiume wa miaka sita, shavu la kushoto limevimba. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika hadi chini ya mwembe. Nilimfungua mtoto kinywa, nikaona meno mawili yakitikisika, nikatangaza mbele ya wenzangu kwamba hilo ni jipu la jino. Hapana aliyenipinga. Jino liling'olewa, dawa ikatolewa, mama akarudi kwao. Nakumbuka kwa aibu kwamba usiku ule nililala nikijiona daktari kamili.

Sikumtazama mtoto yule upande wa pili wa kinywa. Sikumgusa tumbo. Sikumwuliza mama yake wanaishi wapi, wala uvimbe ulianza lini. Wiki tatu baadaye alirudi naye mgongoni. Mashavu yote mawili yalikuwa yamevimba, jicho moja limesukumwa nje, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Mkufunzi wetu, mzee wa maneno machache, alimpapasa tumbo kwa muda usiotimia dakika moja, kisha akaketi kuandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Mtoto alifariki kabla gari la kumpeleka halijapatikana.

Jioni ile mkufunzi hakutukaripia. Alituketisha kwenye benchi la wagonjwa, akatusimulia habari za daktari mpasuaji aliyekuwa amefariki dunia huko Uingereza mwezi Machi mwaka uo huo. Niliyoyasikia jioni hiyo, pamoja na niliyoyasoma tangu wakati huo, ndiyo ninayoyaleta hapa.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi na mpima ardhi wa wilaya, na saa zake za mapumziko alizitumia kuwachunguza ndege wadogo bustanini kwake. Aliwavisha alama miguuni, kisha akachora ramani ya makao ya kila ndege na mipaka ambayo ndege huyo hakuivuka. Pengine majirani walidhani huo ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Lakini mwana alikua akimwona baba yake akiuliza kwa subira swali moja tu: nani anaishi wapi, na kwa nini haishi kule ng'ambo?

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa katika ugomvi wa watoto lilimpiga usoni, akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakudumu katika masomo hayo. Alikuwa mtu mcha Mungu, na katika kipindi hicho alitambua kwamba wito wake ni udaktari. Alibadilisha masomo, akahitimu mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akafuzu mtihani wa wapasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika alikataliwa, na sababu iliyotolewa ni jicho lake. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, jeshi lilihitaji wapasuaji wala halikuhesabu macho yao. Burkitt akaletwa Afrika Mashariki, akahudumu hapa Kenya, na katika likizo akaizuru Uganda. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ile ile aliyonyimwa. Mwaka 1946 alikubaliwa, akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira tabia ya baba ilijitokeza kwa mwana. Wanaume wengi walimjia wakiwa na mabusha ili awapasue. Daktari aliyechoka angewapasua tu na kumwita anayefuata. Burkitt aliwauliza wanakotoka. Aligundua kwamba ugonjwa huo ulikuwa umejaa upande mmoja wa wilaya na ni haba upande wa pili, ingawa watu walikuwa wa kabila moja. Aliyaandika hayo na kuyachapisha. Baadaye ikafahamika kwamba mgawanyiko alioueleza ulifuata kuenea kwa minyoo inayosambazwa na mbu. Katika wilaya ya mashambani, bila maabara ya kujivunia, alikuwa amefanya uchunguzi kwa kalamu na swali.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, akafanya kazi katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto mdogo wa kiume ambaye taya zake zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakuutambua ugonjwa huo. Haukuwa jipu, kwani jipu haliwezi kuanza mahali pane kwa wakati mmoja; wala haukufanana na uvimbe wowote aliousomea. Alimpiga mtoto picha. Wala hakuona haya kukiri kwamba hajui.

Muda mfupi baadaye alikwenda Jinja kikazi. Akiwa hospitalini alitupa macho nje ya dirisha, akamwona mtoto ameketi nyasini pamoja na mama yake, uso wake ni ule ule wa yule wa Mulago. Alitoka mbio akaenda kumpima, na safari hii akagundua kwamba tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Mtoto mmoja mwenye ugonjwa wa ajabu huwa ni kisa cha kusimuliana. Wawili ni swali linalodai jibu. Tangu siku hiyo kila mtoto mwenye uvimbe wa taya alipapaswa tumbo, na kila mwenye uvimbe wa tumbo alifunguliwa kinywa.

Burkitt alizirudia kumbukumbu za hospitali. Humo alikuta kwamba watoto hao walikuwapo miaka yote, ila kila mmoja aliandikwa kwa jina la kiungo chake: huyu saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya ini. Hata katika daftari za Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo, za mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wa aina hiyo walikuwa wameandikwa. Basi ugonjwa ulikuwa umeonekana kwa nusu karne bila kutambuliwa kwamba ni mmoja. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala yake ya kwanza juu yake katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala hayo hayakuzua kishindo chochote.

Mwenye jicho moja hakukata tamaa. Ruzuku yake ya kwanza ya utafiti haikuzidi paundi 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta katika mamia ya hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza jambo moja: je, mmewaona watoto kama hawa? Majibu yalipofika aliyaweka kwenye ramani, nukta baada ya nukta, kama baba yake alivyofanya kwa ndege. Pakatokea mkanda uliokata katikati ya bara pande zote mbili za ikweta, na mkia ulioshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Ramani inaonyesha lilipo jambo, lakini haisemi kwa nini liko hapo. Mwezi Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wawili waliokuwa wakifanya kazi Uganda, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa paundi 250. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri maili 10,000 hivi, yaani kilomita 16,000, hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Kila walikofika waliwatoa madaktari na wauguzi picha, wakauliza ni nani amewaona watoto hao na walitoka kijiji gani. Walitaka kuujua ukingo wa ugonjwa: mahali unapokoma.

Jibu ndilo linalonirudisha kwenye barabara ya Bungoma na Kitale. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ugonjwa huo ulikuwa adimu mno juu ya futi 5,000, takriban mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi, na ndipo ilipowadhihirikia kwamba jambo lenyewe si urefu wa mlima bali ni joto na mvua. Palipo na baridi au ukame, ugonjwa haukuonekana. Mstari huo unapita kati ya miji yetu hii miwili. Bungoma iko chini yake, Kitale iko juu yake. Mtoto wangu wa shavu lililovimba alikuwa amezaliwa na kulelewa upande wa chini, nami nilikuwa nimeyakariri mambo haya kwa ajili ya mtihani bila kuyahusisha na barabara niliyoipita kila mwisho wa mwezi.

Joto na mvua ni makao ya mbu. Burkitt na wenzake walidhani kwamba mbu ndiye anayembebea mtoto kirusi cha saratani. Mwezi Machi 1961, Burkitt alipotoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London, mtafiti kijana aitwaye Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Epstein aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Kwa kipindi cha miaka kama miwili hakuambulia kitu. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wamekiona kirusi kipya ndani ya seli hizo. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini dhana ya awali ilikuwa na kasoro. Kirusi hicho hakienezwi na mbu. Huenezwa hasa kwa mate, na kimo miilini mwa watu wengi mno duniani ambao hawatapata saratani hiyo kamwe. Miaka hiyo hiyo Gilbert Dalldorf, aliyechunguza ugonjwa huu hapa Kenya, alielekeza macho kwenye malaria. Hadi leo wataalamu wanaona kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, pamoja na kirusi hicho, ndivyo vinavyoiandalia saratani njia. Mbu alihusika, ila si kwa namna iliyodhaniwa. Nawasihi wanafunzi walizingatie jambo hili: Burkitt alikosea katika maelezo, lakini hakukosea katika alichokiona. Ramani yake ilibaki kuwa kweli hata sababu aliyoitoa iliposahihishwa.

Mapema miaka ya sitini jambo jingine lilibainika. Uvimbe huo, unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, pia huyeyuka upesi ukipigwa na dawa za kuua seli za saratani. Kisu cha mpasuaji kilikuwa kimewaharibu watoto nyuso bila kuwaponya. Sasa Burkitt mjini Kampala na Peter Clifford mjini Nairobi waliona mashavu yakirudi mahali pake baada ya dozi chache. Mpasuaji alikubali kukiweka kisu chini. Hilo nalo si jambo dogo kwa mtu ambaye kisu ndicho kilichomlisha.

Sitaki kumvika mtu huyu joho la malaika. Alifanya kazi chini ya utawala wa kikoloni, na ugonjwa ukapewa jina lake, ilhali watoto ambao nyuso zao zilikuwa ushahidi hawana majina katika vitabu. Wauguzi na matarishi wa Kiafrika waliowauliza kina mama kwa lugha zao, wakayaleta majibu kwa daktari, nao hawakuandikwa. Mwalimu anayesomesha habari za Burkitt na aliseme hilo pia. Hata hivyo haki inatudai tukiri kwamba mzungu huyu alijua jambo ambalo wengi wenye vyeo walilisahau: kwamba mama aliyeketi nyasini na mwanawe ana maarifa ambayo daktari hana.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza, na swali lake la zamani akarudi nalo. Kwa nini magonjwa ya matumbo yaliyojaa katika wodi za Uingereza alikuwa ameyaona kwa nadra sana Uganda? Alituma tena karatasi za maswali katika hospitali za mashambani, akafikia rai kwamba tofauti iko kwenye chakula, hususan makapi ya nafaka ambayo viwanda huyachuja na kuyatupa. Si kila alilodai limethibitika, ila tangu siku zake ulimwengu umejifunza kuheshimu unga usiokobolewa. Sisi wa Kitale, tunaovuna mahindi kisha tukanunua dukani unga mweupe uliochujwa, tuna la kujiuliza hapo. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Mkufunzi wetu alipomaliza kusimulia, giza lilikuwa limeingia. Miezi michache baadaye zamu yangu ilinipeleka Kitale. Siku moja ya baridi aliletwa msichana wa miaka saba, taya limevimba, na mwenzangu akaandika kwamba ni jino. Hakuwa mzembe, katika mji ule wa juu, uvimbe wa taya kwa kawaida huwa ni jino. Nilimwuliza shangazi aliyemleta mtoto huyo kwao ni wapi. Alijibu kwamba wazazi wako Bumula, kule chini Bungoma, naye amekuja Kitale kwa ajili ya shule, hana hata miezi miwili. Nikamlaza msichana kitandani, nikampapasa tumbo. Alisafirishwa siku iyo hiyo. Mwaka uliofuata shangazi alimleta atusalimu, kichwani nywele ndizo kwanza zinachipuka, shavu limerudi mahali pake.

Walimu wenzangu, maana nami sasa nafundisha, elimu yetu humtuza mwanafunzi anayejibu haraka. Anayenyoosha mkono wa kwanza ndiye mwerevu. Anayesema hajui huchekwa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika chumba cha mgonjwa nikiwa na jibu kabla ya swali. Siku hizi wanafunzi wangu wana mashine ambazo Burkitt hakuziota, na nazifurahia. Lakini hakuna mashine itakayomwuliza mama ametoka kijiji gani iwapo sisi hatukuona haja ya kujua. Mwalimu wa jiografia anayewachorea wanafunzi mistari ya mwinuko wa nchi, na mwalimu wa baiolojia anayewachorea mbu katika chumba cha pili, wanasomesha somo moja. Wakae siku moja wawaambie watoto hivyo.

Mimi wanafunzi wangu nawapeleka kila mwaka kwa gari kutoka Bungoma hadi Kitale, na tukifika Kamukuywa nawashusha, nawaambia watazame walikotoka. Kisha nawasimulia habari za mvulana yule wa miaka sita. Jina lake silitaji. Jina la kijiji chake nalijua, kwani hatimaye nilimwuliza mama yake. Nilimwuliza siku aliyokuja kuuchukua mwili.